Huko Kwenu Siku Huanza Lini?

Somoe, mwanangu uliyebeba jina la mama yangu,

Salamu za baba yako zikufikie hapo chumba cha pili, maana hujaenda mbali bado. Namsikia mama yako analifungua tena begi lako kuhakikisha sweta imo. Habari za sweta, za chakula, za kupiga simu ukifika na za mtu wa kuketi naye kwenye basi nimemwachia yeye. Amekwisha kuzisema zote, na kesho stendi atazirudia mpaka dereva awashe gari. Mimi nina jambo langu jingine, na kwa mdomo siliwezi. Wewe unanijua: nikianza kusema nakasirika, na nikikasirika nasema nisiyoyakusudia.

Leo baada ya alasiri ulisimama mlangoni mwa steshenari ukasema, "Baba, nimefikiria sana. Siendi Arusha." Nikakuuliza kulikoni. Ukanijibu kwa swali, kama kawaida yako: "Nikiondoka, nani atautazama mfumo wa kliniki?" Palikuwa na mteja anataka kopi za cheti cha kuzaliwa, nikajifanya nimeshughulika na mashine. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu. Sasa ninalo, lakini nitalitoa mwisho, kwa sababu kwanza nataka tukumbushane tulikopita. Nataka pia ujue jinsi nilivyoyaona mimi, maana sijawahi kukwambia.

Siku ya kwanza ya jambo hili ulikuwa umetoka kisiwani Songo Mnara kwa mama yako mkubwa, Bi Hawa. Uliingia dukani na chumvi miguuni, hujavua hata mtandio, ukasema, "Baba, Nesi Tausi kaja na boti na boksi lake la chanjo, kijiji kitupu. Kina mama wote wako kwenye mwani." Nilikuambia hilo si jipya, ni miaka yote. Ukanikazia macho. "Ndiyo maana nakwambia," ukasema.

Na kweli ni miaka yote. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mpaka kamba za mwani zinabaki juu ya mchanga, hakuna mama wa kisiwani anayekaa nyumbani kungoja sindano. Siku nne za kwanza za mwezi mwandamo wako baharini. Siku ya tano wanapumzika, wanafua, wanasukana nywele. Siku ya sita wanavuka ng'ambo kwenye mihogo na ufuta wao. Mwenye chanjo ya kutoa akitaka kuwakuta wote, siku yake ni hiyo ya tano tu. Lakini nesi anafuata kalenda ya ukutani, kina mama wanafuata mwezi wa juu, na hapo katikati watoto wanakosa chanjo ya surua. Hilo ndilo ulilotaka kulitengeneza: programu ya kumtumia Nesi Tausi ujumbe kwamba siku ya tano mwezi huu itaangukia Jumamosi, au Jumatano, au lini, ajipange na boti yake.

Niliona ni kazi ya mezani ya siku moja. Mimi ni fundi, nimezitengeneza mashine za kopi mpaka zikaomba kustaafu. Nikasema tutaandika hesabu ya mwezi wenyewe. Ukasema hapana, ziko maktaba za programu. Ukanieleza taratibu, kama unavyomweleza mteja mzee namna ya kujaza fomu ya mtandaoni, kwamba kuna watu wamekwisha kuandika hesabu hizo na kuziweka mahali pa wazi, ili mwenye shida kama yao asianze upya. Nikauliza bei. Ukasema bure. Nikauliza bure mpaka lini. Ukaniambia nisome leseni yake, na nikasoma, wewe ukinitafsiria pale nilipokwama: chukua, tumia, badilisha, mpe na mwenzio.

Somoe, sikukwambia siku ile, lakini nilitoka nje nikasimama barazani. Mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua, amekaa kwake akaihesabu safari ya mwezi mzima, kisha ameiacha mlangoni kwa yeyote apitaye. Huko kwetu Nyangamara, tulilima kwa ujima: leo shamba lako, kesho langu. Lakini pale nilijua nani kanilimia, na nilijua atakuja kudai zamu yake. Huyu hajui kama nipo. Nilijisikia mdogo, lakini si kwa ubaya, ni kama mtu aliyeingizwa ndani ya msikiti mkubwa kwa mara ya kwanza.

Udogo ule haukunizuia kukosea, maana nilirudi ndani na kuchagua maktaba kwa pupa. Zilikuwepo kadhaa, na mojawapo ilikuwa imepewa nyota na watu wengi mno. Nikasema hiyohiyo, penye wengi pana mengi. Wewe ukasema, "Baba, tusome kwanza." Nikasema nimeishi mjini kukuzidi. Tukaivuta. Mgeni mmoja akaja na ukoo mzima: maktaba ile ilihitaji maktaba nyingine, na hizo zikaita nyingine, na bando letu likakata kabla jamaa wote hawajaingia. Ukafunga tu ukurasa. Heshima yako ile iliniuma kuliko kama ungecheka.

Nilipoweka bando jingine ukanifungulia ukurasa ambao sikujua upo, ule watu wanakoandika malalamiko. "Nyota ni sifa za jana," ukaniambia. "Tazama mtu akilalamika, anajibiwaje." Ile yenye nyota ilikuwa na malalamiko yamejipanga na hakuna aliyejibu. Mlezi wake, yule wa kuitunza, alikwisha kuondoka, ila watu wanaendelea kumsifu kwa mazoea. Ukanionyesha nyingine, ndogo, yenye nyota za kuhesabika. Haikutegemea maktaba nyingine yoyote. Ilikuwa na majaribio yake ndani, vipande vya programu ambavyo kazi yake ni kuihoji maktaba yenyewe: siku fulani mwezi ulikuwaje, jibu. Na kila aliyelalamika alikuwa amejibiwa na mtu mmoja, kwa utulivu, hata wale waliouliza ujinga.

Hapo nilikumbuka posa yangu. Babu yako mzaa mama hakuuliza nina nini. Alimtuma mtu mpaka Nyangamara kuuliza yule kijana akikosewa anajibuje. Sijui walimwambia nini mpaka akanipa binti, maana ukweli unaufahamu. Lakini mzee yule alikuwa anajua kuchagua, na wewe umemrithi yeye, hukunirithi mimi.

Basi tukaichukua ile ndogo. Jioni moja uliifungua kwa ndani, tukasoma. Nilitarajia vurugu la herufi. Nikakuta mwandishi ameacha maneno pembeni, akimweleza msomaji asiyemjua: hapa nimefanya hivi kwa sababu hii, hapa nilikosea mwanzo, fulani akanisahihisha, nashukuru, hapa sielewi kwa nini inafaa, tafadhali usiiguse. Tulicheka sana hapo. Na katikati ya maneno hayo, kwenye mistari isiyojaza hata karatasi moja ya mashine yetu, kulikuwa na mwezi. Ukiutaka wa babu zako upo, ukiutaka wa wajukuu zangu upo. Nilitoa miwani nikaifuta, ukaniuliza kama macho yanauma. Hayakuwa yanauma, mwanangu, nilikuwa nimeshangaa tu.

Mpango ulikuwa rahisi. Hesabu inakisia, lakini kisiwani hawafungui mwezi kwa makisio, wanaufungua kwa macho. Kwa hiyo Bi Hawa akiuona mwezi anatuma ujumbe, mfumo unaandika kwamba mwezi umeandama, kisha unahesabu mpaka siku ya tano na kumwambia nesi. Ulipomweleza mama yako mkubwa kwa simu, alisema, "Mie mwezi nauona kwa macho yangu haya, nyie mnautafuta kwenye umeme. Haya, nitawatumia, msije mkasema nimewanyima."

Mwezi wa kwanza ulikwenda barabara. Nesi Tausi alikuta kina mama wamekaa na watoto mapajani, akarudi akitusifu mpaka kwa muuza mihogo ya kukaanga. Mwezi uliofuata akafika akakuta kijiji kitupu. Ilikuwa siku ya nne yao, wako majini. Chanjo haikai juani kungoja watu, alirudi nayo ndani ya boksi lake, na usiku Bi Hawa akapiga simu. Hakumtaka mama yako wala mimi. Alikutaka wewe. Sikusikia alichosema, niliuona uso wako tu.

Ulisema tutafute chanzo. Mimi nikasema chanzo cha nini, jibu limekuja siku moja kabla, tuongeze siku moja. Ulikuwa umelala nilipoiongeza. Sikufanya kwa siri, asubuhi nilikuambia kwa majivuno kabisa: nimetengeneza. Ukaniuliza, "Imetengenezeka kwa sababu gani?" Nikakwambia fundi haulizwi sababu, anaulizwa kama mashine inafanya kazi. Hivyo ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote. Mashine ya kopi ikikwama naipiga kofi ubavuni, ikitembea nasema nimeitibu. Mara nyingi ilitembea, ndiyo maana sikujifunza.

Mwezi wa tatu Nesi Tausi akafika siku ya sita. Wamevuka ng'ambo, pamebaki kuku na wazee. Mjukuu wa Bi Hawa, yule mdogo anayeng'ang'ania shanga zako, alikuwa amekosa chanjo mara mbili mfululizo, na habari zilikuwa zimekuja kutoka upande wa Kiswere kwamba kuna watoto wana homa na vipele. Hapo hakukuwa tena na utani. Bi Hawa akasema kina mama wanataka kuacha kututumia mwezi, bora ya zamani, zamani nesi alikosea kwa bahati mbaya, sasa anakosea kwa mashine ya Somoe. Ulikaa chini ya kaunta, palepale ulipokuwa unajificha ulipokuwa mtoto, ukalia. Na ile siku moja niliiongeza mimi.

Badala ya kukubali, nilitafuta wa kumlaumu. Nilifungua ule ukurasa wa malalamiko, nikaandika kwa Kiswahili, nikaipa simu itafsiri, nikabandika kwa herufi kubwa zote: MAKTABA YENU HAIJUI KUHESABU. WATOTO WETU WANAKOSA CHANJO. Asubuhi uliniita kwa sauti ambayo hujawahi kuniitia. "Baba! Umeandika nini hiki? Dunia nzima inasoma!" Ulifunika uso kwa mtandio. Nikasema dunia isome, kama imetukosea. Lakini mchana kutwa sikuthubutu kutazama kama nimejibiwa.

Jibu lilikuja siku ya Alhamisi, jioni. Ulinisomea umesimama, tayari kwa matusi. Mlezi wa maktaba yetu ndogo, yule anayejibu kwa utulivu, aliandika kwamba anasikitika nesi amesafiri bure na watoto wamekosa chanjo. Alishukuru kwa kumwambia. Alisema ameirudia hesabu na haoni kosa, lakini hilo halimaanishi kosa halipo. Kisha akauliza jambo moja tu. Nalikumbuka ulivyolitafsiri: "Naomba kujua, huko kwenu siku huanza lini?"

Nilicheka. Nikasema, "Tumekwisha. Mtu anayetuhesabia mwezi hajui siku inaanza lini." Wewe hukucheka. Na hapo hapo mama yako, ametoka kuswali magharibi, akaja na mkeka wake kutoka uani akasema, "Zimeni hayo madude yenu. Usiku wa Ijumaa umeshaingia, tukasome Yasini."

Nilitazama pembeni ya kompyuta. Kompyuta ilisema Alhamisi.

Miaka yote niliyoishi, Somoe, nimesoma Yasini usiku wa Ijumaa, na usiku huo unakuja kabla ya mchana wake. Mwezi wa Ramadhani tunauona jioni na usiku uleule tunaswali tarawehe, mwezi umeshaingia. Jua likizama, siku imekwisha, nyingine imeanza. Na miaka hiyohiyo nimeuza kalenda dukani ambazo siku yake inageuka saa sita usiku watu wamelala. Nimeziishi zote mbili bila kuona kama ni mbili. Imebidi mtu wa mbali, ambaye hajawahi kusikia adhana yetu, aniulize swali moja la adabu ndipo nione ninapoishi. Nywele zilinisimama. Bado zinasimama nikiandika hapa.

Ukaruka kwenye meza, ukazitoa jumbe za Bi Hawa. Mwezi ule uliokwenda sawa, simu yake haikuwa na chaji, alituma asubuhi. Mwezi wa pili alituma jioni, mara tu alipouona. Mfumo ukaiandika jioni ile kuwa ndiyo siku ya kwanza nzima, na kulipopambazuka ukasema leo ni ya pili, wakati kisiwani ndiyo kwanza mchana wa siku ya kwanza. Ndiyo maana nesi alitangulia. Mwezi wa tatu alituma tena asubuhi, kwa hiyo pasingekuwa na kosa lolote, ila tayari palikuwa na siku yangu moja inangoja. Maktaba ilikuwa haina kosa, na Bi Hawa alikuwa hana kosa. Kosa lilikuwa pale katikati, mahali ambapo sisi ndio tungepaswa kusimama.

Tuliifuta siku yangu moja, kisha nikakwambia andika umwombe radhi mlezi yule kwa ajili yangu. Ukasema, "Utaandika mwenyewe, Baba, na herufi ndogo." Nikaandika. Hilo lilikuwa gumu kuliko posa.

Wewe ukaongeza chini yake kwamba kwetu siku huanza jua likizama, nikadhani mambo yameishia hapo. Kumbe yule mlezi alikujibu wewe. Alisema wako watu wengi duniani ambao siku yao huanza jua likizama, na maktaba isiyowasikia ina upungufu. Lakini akasema yeye hajaishi hivyo, akiandika atakosea, tafadhali andika wewe, mimi nitasoma. Ulinigeukia ukiwa umetoa macho. "Baba, ananiambia mimi?" Nikasema, "Sasa hapo kuna Somoe mwingine?"

Uliandika, ukapeleka, ikarudishwa. Nilitaka kukasirika tena, ukanizuia mkono. Ulikuwa umeweka machweo saa kumi na mbili na nusu kila siku, kwa kuwa hapa mjini kwetu Masoko hayatembei sana. Mtu wa tatu akaingia kwenye mazungumzo akasema anapoishi yeye kuna majira jua halizami kabisa kwa siku nyingi, na huko nako wako wanaotaka kujua Ijumaa yao imeingia lini, je, wafanyeje? Tulitazamana. Nilisoma shuleni kwamba nchi hizo zipo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba huko kuna mtu ameketi dirishani, jua limemganda, anataka kuswali magharibi na magharibi haiji. Sasa huyo mtu alikuwa ndani ya steshenari yetu, kati ya mashine ya kopi na mashine ya kubana vitambulisho, anamngoja mwanangu amjibu.

Na ukamjibu. Ulikaa nalo siku nyingi, ukauliza, ukafuta, ukaandika tena. Ulinifundisha namna yako bila kujua unanifundisha: unalifanya kosa litokee kwanza mbele yako, dogo, peke yake; unabadilisha kitu kimoja; unatazama. Si kofi ubavuni. Siku waliyoikubali kazi yako ulipiga kelele mpaka mteja akaangusha picha zake za pasipoti. Mimi nilikwenda nyuma ya duka. Umewahi kuniuliza nilikwenda kufanya nini, nikasema kuzima jenereta. Hatukuwa na jenereta siku hiyo. Nilikwenda kulia, nikamshukuru Mungu, nikarudi.

Mjukuu wa Bi Hawa alichanjwa mwezi uliofuata, siku ya tano hasa. Nesi Tausi alisema alimng'ata kidole.

Watu wa Arusha wamekuita ukaandike programu pamoja nao, kwa kuisoma tu kazi ile. Hawajaona sura yako, hawajui baba yako ana duka gani. Waliona mtu alivyouliza, alivyokosolewa na alivyorudi. Mwanangu, mambo kama hayo mimi sikuwahi hata kuyaombea dua, kwa sababu sikujua kwamba yanaombwa.

Ndiyo maana leo uliposema huendi, nilishindwa kukujibu. Nilijua huna hofu ya Arusha. Una hofu ya kisiwa. Juzi tu maktaba imetoa toleo jipya, jina moja ndani yake likabadilika, na kama usingeliona mapema Nesi Tausi asingepata ujumbe. Unasema kitu cha bure nacho kinataka mlezi kila siku, na ni kweli. Watu wanadhani programu ikishaandikwa imekwisha. Mimi niliyeishi na mashine najua hakuna kinachokwisha, kuna kinachotazamwa na kilichotelekezwa.

Sasa jibu langu. Miezi hii ukiniona nimesinzia mbele ya kompyuta, sikuwa nasinzia mara zote. Nilikuwa nasoma ulichoandika. Mengi sikuelewa. Nilifuata njia yako, nikavunja kitu kimoja kimoja kwenye nakala yangu ili nione kinatoa kilio gani. Toleo jipya la juzi, nililirekebisha kwangu kabla sijatazama wewe umefanyaje, kisha nikalinganisha. Langu lilikuwa refu na baya, lakini lilitoa jibu lilelile. Naogopa, Somoe, sikufichi. Naogopa nitakasirika nikaongeza siku moja tena. Naogopa nitakaa kwenye kaunta ile na hakuna wa kuniuliza "kwa sababu gani." Nitakukosa vibaya sana. Lakini hofu yangu haiwezi kuwa sababu ya wewe kubaki. Ile ni kazi ya kwanza uliyoifanya, haiwezi kuwa kamba ya kukufunga mguu.

Unakumbuka kanuni uliyoibandika ukutani baada ya ile siku yangu moja? Hakuna anayeingiza badiliko lake mwenyewe, lazima jicho la pili lisome na kukubali. Ulisema hata wewe inakuhusu. Basi jioni hii nimeandika badiliko langu la kwanza kwa jina langu. Ni fupi. Mahali palipoandikwa kwamba mfumo ukikwama aitwe Somoe, nimefuta Somoe, nimeandika mimi, na chini yangu nimemweka Nesi Tausi. Nimeongeza na jaribio moja, la Bi Hawa kutuma jioni na Bi Hawa kutuma asubuhi, siku ya tano isibadilike. Mara ya kwanza likakataa. Sikulipiga kofi. Mara ya pili likapita.

Badiliko lipo, linangoja jicho la pili, na jicho hilo ni lako. Lisome kabla ya alfajiri, kabla mama yako hajakuamsha. Ukiona kosa, lirudishe, uniandikie liko mstari gani nami nitarekebisha. Lakini kunionea huruma si mstari, na kunikumbuka si mstari, hayo hayatoshi kulikataa. Kama ni safi, kubali, jina lako litoke.

Halafu kavae viatu, mama. Basi haliko mbali.

Baba yako